Kuprinti picha na kadi nyumbani: kutoka faili hadi kadi ya mwaliko

Picha iliyotoka na michirizi. Kadi inayoacha wino vidoleni. Uso wa bibi harusi uliogeuka zambarau. Lawama zote hubebeshwa printa, na mara nyingi printa haina kosa. Shida huanza mapema, kwenye mambo mawili: faili ni dogo kuliko karatasi, au karatasi iliyowekwa kwenye printa si ile kompyuta iliyoambiwa. Ukiyashika hayo mawili, printa ya kawaida itakupa picha ya kutundika sebuleni na kadi ambayo kamati ya harusi itaipitisha.

Nitafuata shughuli moja tunayoijua wote: familia ina harusi, inataka picha chache za albamu, moja au mbili za A4 za ukutani, na kadi 200 za mwaliko zenye majina na namba. Mwenye kazi ndogo kuliko hiyo achukue kinachomhusu.

Printa yako inaweza nini

Printa ya leza hutumia unga, yaani tona, unaoyeyushwa kwa joto kali na kugandishwa juu ya karatasi. Inafaa kwa barua, mitihani na kadi zenye maandishi mengi. Kwa picha za watu haifai sana, na kuna jambo moja la hatari: usiingize ndani yake karatasi ya picha iliyotengenezwa kwa printa ya wino. Tabaka la juu la karatasi ile linaweza kuyeyuka na kunasa kwenye rola ya joto, na hapo kazi inakuwa ya fundi.

Printa ya wino ndiyo ya picha. Siku hizi zilizojaa mtaani ni zile za matangi, kama Epson za mfululizo wa L, Canon PIXMA za G na HP Smart Tank. Wino unamiminwa kutoka kwenye chupa, kwa hiyo gharama ya picha moja ni ndogo sana ukilinganisha na enzi za katriji. Nyingi zina rangi nne: nyeusi, sayani (bluu ya samawati), majenta (waridi iliyokolea) na manjano. Zipo za rangi sita, mfano Epson L805 na L8050 iliyokuja baadaye, ambazo huongeza sayani hafifu na majenta hafifu. Tofauti yake utaiona kwenye ngozi. Printa ya rangi nne ikitaka kutoa mwanga laini shavuni hutawanya vidoti vya rangi kali, na ukisogeza picha karibu na jicho unaviona. Zile rangi mbili hafifu hulainisha sehemu hiyo. Unayetaka kufanya biashara ya picha, tafuta ya rangi sita. Kwa albamu ya familia na kadi, nne zinatosha.

Kitu kingine cha kujua ni aina ya wino mweusi. Printa nyingi za Canon za G zenye rangi nne zina wino mweusi wa pigmenti, ambao ni chembe ndogo sana zinazoelea kwenye maji, ilhali rangi nyingine tatu ni za daia, zilizoyeyuka kabisa. Pigmenti nyeusi ni nzuri mno kwenye karatasi ya kawaida: maandishi yanakaa imara. Kwenye karatasi ya kung'aa hainywewi, inabaki juu na kufutika. Ndiyo maana ukiiambia kompyuta kuwa umeweka karatasi ya picha, printa hiyo huacha mweusi wa pigmenti na kutengeneza weusi kwa kuchanganya rangi tatu. Ukiacha mpangilio kwenye karatasi ya kawaida, nywele zote za watu kwenye picha zitafutika kwa kidole. Printa haijui umeweka nini tumboni mwake mpaka uiambie.

Karatasi

Ukifika steshenari usiseme tu "nipe photo paper". Uliza mambo matatu: ni ya printa ya wino au ya leza, ni gramu ngapi, na ni ya ukubwa gani.

Gramu ni uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba. Karatasi ya fotokopi ni gramu 70 hadi 80. Ya picha huanzia kama 180, na ukishika ya 230 au 260 mkononi inafanana na picha ya studio. Kwa kadi, gramu 200 hadi 250 ndiyo hali nzuri: inasimama yenyewe ukiikunja, na printa nyingi za nyumbani huimeza bila shida, hasa zinazolisha karatasi kwa nyuma kwa sababu haijipindi sana njiani. Karatasi ya gramu 300 inavutia dukani ila hukwama kwenye printa nyingi ndogo. Angalia kikomo kwenye kitabu cha printa yako kabla ya kununua rimu nzima.

Sura ya karatasi ni suala la matumizi. Ya kung'aa hutoa rangi kali na weusi wa kweli, lakini inashika alama za vidole na inarudisha mwanga wa taa ukutani. Isiyong'aa haina makelele hayo, na unaweza kuandika juu yake kwa kalamu. Ya katikati, wengine huiita satini, ndiyo ninayoipendelea kwa picha ya kuwekwa kwenye fremu. Kwa kadi chukua isiyong'aa iliyopakwa pande zote mbili. Kuna karatasi nyingi za picha ambazo zimepakwa upande mmoja tu, na mgongoni zina nembo ya kampuni. Hizo hazifai kwa kadi ya kukunja.

Sasa jihadhari na kitu kinachouzwa kwa jina la "art card". Ni karatasi nzuri, nyeupe, laini, nayo imetengenezwa kwa mashine kubwa za uchapaji na printa za leza. Uso wake haunywi wino wa printa ya nyumbani. Utaiprinti asubuhi, na jioni bado inachafua. Omba kipande kimoja cha majaribio kabla ya kulipia pakiti. Manila ya kawaida, ile ya shuleni, ina tatizo la upande wa pili: inakunywa wino kupita kiasi, rangi zinafifia na kingo za herufi zinatambaa. Kwa kadi ya maandishi meusi tupu inafaa. Kwa kadi yenye picha ya maharusi, hapana.

Hujui upande upi ni wa kuprintia? Kwenye karatasi ya kung'aa unaonekana wazi. Kwenye isiyong'aa, lowesha kidole kidogo, gusa pembeni kabisa: upande uliopakwa unanata.

Wanaoishi pwani, Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, wanalo jambo la ziada. Hewa yenye unyevu huingia kwenye karatasi, karatasi inajikunja pembe, na kichwa cha printa kinaikwaruza kinapopita. Toa karatasi unazohitaji tu, zilizobaki zirudishe kwenye mfuko wake na vile vipakiti vya chembe za kunyonya maji, funga vizuri. Usiache karatasi ya picha kwenye trei usiku kucha.

Faili

Hesabu ni rahisi. Picha nzuri ya kushika mkononi inahitaji kama pikseli 300, yaani vidoti vinavyoijenga picha, kwa kila inchi ya karatasi. Inchi 4 kwa 6, saizi ya albamu, ni pikseli 1200 kwa 1800. Inchi 5 kwa 7 ni 1500 kwa 2100. A4, yenye milimita 210 kwa 297, ni 2480 kwa 3508. Picha ya ukutani inayotazamwa kutoka mbali inavumilia pikseli 200 kwa inchi, hata pungufu kidogo. Chini ya 150 macho yanaanza kulalamika.

Weka kando ya hesabu hiyo picha uliyotumiwa kwa WhatsApp. Kwa kawaida programu ile huipunguza hadi upande mrefu ubaki kama pikseli 1600. Kwa albamu ya inchi 4 kwa 6, hiyo ni pikseli 267 kwa inchi, inapita. Ukiipeleka kwenye A4 inashuka hadi 137, na juu ya hapo imeshabanwa, kwa hiyo kingo za nyuso zinakuwa na vumbi la vijiraba. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD unapotuma, kinasaidia. Njia bora ni kumwomba aliyepiga aitume kama hati, yaani achague "Document" badala ya "Gallery". Hapo faili linafika kama lilivyo. Picha ya skrini, au ile iliyochukuliwa kwenye "status" ya mtu, iache kwenye simu.

Waya wa USB bado ndiyo njia ya uhakika kuliko zote. Ukitoa picha kwenye iPhone, zinaweza kuja kwa mtindo wa HEIC ambao kompyuta za zamani hazifungui. Kwenye mipangilio ya kamera ya simu chagua "Most Compatible", na picha zitakazopigwa baada ya hapo zitakuwa JPEG.

Kisha kuna suala la umbo. Simu nyingi hupiga picha ya uwiano wa 4 kwa 3, mfano pikseli 4000 kwa 3000. Karatasi ya albamu ni 3 kwa 2. Haviingiliani. Ili kuijaza karatasi, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya picha lazima ipotee. Kwenye picha iliyopigwa kwa upana, kinachokatwa ni juu na chini: kilemba cha mama mkwe na viatu vya watoto. Kwenye iliyosimama, wanaopotea ni ndugu waliosimama pembeni. Usiiachie kompyuta uamuzi huo. Ifungue picha kwenye programu yoyote ya kuhariri, weka kikato cha 3 kwa 2, kisha sogeza fremu mwenyewe hadi kila mtu awe ndani. Ikishindikana, printi na ukingo mweupe. Hakuna aliyewahi kuchukia ukingo mweupe, ila shangazi aliyekatwa bega atalisema hadi Krismasi.

Mwanga na rangi

"Kaka, kwenye simu ilikuwa nzuri, mbona hapa imekuwa giza?"

"Dada, hebu punguza mwanga wa simu hadi nusu, halafu tuziweke pamoja."

Mazungumzo ya kila siku hayo. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inaazima mwanga wa chumba. Skrini ikiwekwa kwenye mwanga wa mwisho, kila picha inaonekana imeangaza, na unaituma kuprintiwa ikiwa na giza. Punguza mwanga wa skrini hadi karatasi nyeupe iliyoshikwa kando yake ifanane na ukurasa mtupu wa kwenye kompyuta. Kisha ndipo uhariri.

Kwa nyuso zetu nyeusi jambo hili lina uzito wa pekee. Kwenye karatasi, sehemu zenye kivuli hushikana kabla ya zile zenye mwanga, na uso unapoteza umbo: macho na meno yanabaki, paji na mashavu vinakuwa bapa. Usiongeze mwanga wa picha nzima, maana shela ya bibi harusi itaungua na kuwa doa jeupe lisilo na lesi. Tafuta kipimo cha vivuli, kwenye programu nyingi kimeandikwa "Shadows", ukipandishe kidogo kidogo huku ukitazama shavu lililo upande wa kivuli. Printi kipande kidogo cha uso kwenye pembe ya karatasi, kichukue hadi dirishani, kiangalie kwa mwanga wa mchana. Taa za ndani, hasa za manjano, hudanganya.

Uso ukitoka mwekundu kupita kiasi au zambarau, mara nyingi rangi zimerekebishwa mara mbili, na programu ya kuhariri na draiva, yaani programu inayoiendesha printa kwenye kompyuta. Chagua mmoja afanye kazi hiyo. Kwa mtu wa nyumbani ni rahisi zaidi kuacha picha kwenye sRGB, ambao ndio utaratibu wa rangi wa simu nyingi na intaneti, na kuiachia printa ifanye marekebisho. Kabla ya kuhangaika na hayo, hakikisha hakuna rangi iliyoziba. Kipimo chake kinafuata.

Kuprinti picha

1. Washa printa na uprinti ukurasa wa ukaguzi wa matundu ya wino, unaopatikana kwenye sehemu ya matengenezo kwa jina la "Nozzle Check". Mistari ya kila rangi inatakiwa iwe kamili. Ikiwa na mapengo, safisha kichwa mara moja, kisha kagua tena. Usisafishe mfululizo kama unayesugua sufuria, kwa sababu kila usafishaji unamwaga wino ndani ya sponji ya taka iliyo chini ya printa. Ikiwa mara 3 hazijasaidia, iache printa ipumzike kwa muda wa saa 12 ndipo ujaribu tena; mapovu ya hewa mara nyingi hupanda yenyewe.

2. Weka karatasi moja. Kwa printa zinazolisha nyuma, upande wa kuprintia unakutazama. Kwa zenye droo ya mbele, kwa kawaida upande huo unalala kuelekea chini. Banisha vishikizo vya pembeni viguse karatasi bila kuikunja.

3. Fungua picha, bonyeza Ctrl na P, kisha ingia kwenye mipangilio ya printa yenyewe. Hapo kuna mambo matatu: ukubwa wa karatasi, aina ya karatasi, ubora. Aina ndiyo inayosahaulika. Karatasi ya kung'aa ichagulie "Glossy", isiyong'aa "Matte". Uchaguzi huu ndio unaoamua kiasi cha wino kinachomwagwa, kasi ya kichwa na, kama tulivyoona, ni mweusi gani utumike. Kama karatasi yako ni ya kampuni nyingine, chagua inayokaribiana nayo zaidi.

4. Ukitaka picha ijaze karatasi bila ukingo, washa "Borderless". Jua kwamba printa huikuza picha kidogo ili ivuke kingo, kwa hiyo milimita chache zitaliwa kila upande.

5. Ikitoka ishike kwa kingo tu. Iache ikauke ikiwa imelala, bila kurundika. Wino wa daia unaweza kuonekana umekauka baada ya dakika chache, lakini usiitie kwenye albamu ya plastiki wala kuipitisha kwenye mashine ya laminesheni kabla ya siku moja kupita. Unyevu ukinaswa ndani, rangi zinatambaa.

Picha za pasipoti zina sheria yake. Nyingi zinazotakiwa kwenye maombi ya viza za Ulaya ni milimita 35 kwa 45, za Marekani ni 51 kwa 51. Kwenye karatasi moja ya inchi 4 kwa 6 zinaenea 8 za 35 kwa 45. Hapa usiguse "Borderless", na ukubwa uwe asilimia 100, la sivyo ile ziada ya kukuza itakufanya utoe picha za milimita 36 ambazo karani atazipima kwa rula na kuzirudisha. Pima moja kwanza.

Printa ya wino haipendi kukaa kimya. Printi kitu chenye rangi zote walau mara moja kwa wiki. Zima kwa kitufe chake, si kwa kung'oa plagi au kuzima swichi ya ukutani, maana inapozimwa kwa kitufe kichwa hurudi kwenye kifuniko chake na wino haukauki. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi iwashe, iache ijipange, izime kwa kitufe.

Kadi za mwaliko

Anza na bahasha. Watu hubuni kadi nzuri, kisha wanazunguka mji mzima kutafuta bahasha ya saizi yake. Bahasha ya C6, milimita 114 kwa 162, ndiyo rahisi kupatikana, na inachukua kadi ya A6 ya milimita 105 kwa 148. Karatasi moja ya A4 hutoa kadi 4 za A6 zisizokunjwa, au 2 za kukunja.

Hapo kuna mtego. A6 nne zinaijaza A4 yote, na printa nyingi huacha milimita kama 3 za ukingo. Fanya kadi iwe milimita 100 kwa 140. Nne zitachukua 200 kwa 280, ukingo unabaki wa kutosha, na bahasha ni ile ile. Kama kadi ina rangi ya mandhari, iache rangi hiyo ivuke mstari wa kukata kwa milimita 2 au 3 kila upande wa nje, ili mkono ukiteleza usiache uzi mweupe. Maandishi yakae ndani ya mstari kwa milimita 5 au zaidi.

Kwa usanifu, Canva inawafaa wengi. Ukimaliza pakua "PDF Print", si picha ya kawaida. LibreOffice Draw na Inkscape ni za bure na hazihitaji bando. Wanaotumia Microsoft Publisher wajue kampuni imetangaza kuistaafisha Oktoba 2026, hivyo wahamishe kadi zao mapema.

Maneno ya kadi zetu yana mpangilio unaojulikana: familia zinazoalika, jina la mgeni, majina ya maharusi, ibada au ndoa itafungwa wapi na saa ngapi, ukumbi wa sherehe, namba za kuthibitisha, na pembeni aina ya kadi, moja au "double". Saa iandikwe kwa Kiswahili na isemwe ni jioni au usiku, kwa sababu "saa 12:00" peke yake imeshawafanya watu wafike mchana. Herufi za mapambo zitumike kwa majina ya maharusi tu. Chini ya pointi 9, herufi nyembamba zenye mikia hufutika kwenye karatasi isiyong'aa, na nyeupe juu ya mandhari nyeusi huzibwa na wino.

Dhahabu, ambayo kila kamati inaitaka, haipo kwenye printa ya nyumbani. Utakachopata ni haradali. Tafuta utepe wa dhahabu, stika, au karatasi ya krimu yenye kumeremeta kidogo, na maandishi yawe kahawia iliyokolea.

Rangi ya sare ni ugomvi mwingine. Kamati inaleta kipande cha kitambaa na kusema kadi ifanane nacho. Usikisie kwa macho kwenye skrini. Tengeneza ukurasa wenye miraba kama ishirini ya rangi inayokaribia, kila mmoja umetofautiana kidogo na mwenzake, na namba ya rangi imeandikwa chini. Uprinti kwenye karatasi ile ile ya kadi, subiri ukauke, laza kitambaa juu yake karibu na dirisha, na mwenyekiti achague mraba. Aweke na sahihi, ukipenda.

Majina na namba

Kuandika majina 200 kwa mkono kunachosha, na mwandiko wa kadi ya mia na sitini haufanani na wa kwanza. Word inafanya kazi hiyo.

Fungua Excel, tengeneza safu nne: Namba, Cheo, Jina, Aina. Cheo kikae peke yake, Bw. na Bi., Dkt., Mch., Sheikh, ili uweze kukikagua kwa haraka. Mzee aliyeandikwa Bi. hasahau.

Kwenye Word weka ukurasa wa A4, ukingo wa juu sentimita 0.85, chini 0.5, pembeni 0.5. Ingiza jedwali la safu 2 na mistari 2, kila kisanduku upana sentimita 10 na kimo 14 kamili. Chini ya jedwali Word huacha aya tupu isiyofutika; ipunguze herufi hadi pointi 1 na uondoe nafasi zake, la sivyo utapata ukurasa mtupu baada ya kila ukurasa. Sanifu kadi kwenye kisanduku cha kwanza. Nenda "Mailings", chagua aina ya "Letters", unganisha orodha yako ya Excel, weka sehemu za Cheo, Jina, Aina na Namba mahali pake. Nakili kadi kwenye visanduku vitatu vilivyobaki, na mwanzoni mwa kila kimoja cha hivyo vitatu weka kanuni ya "Next Record" iliyo chini ya "Rules". Bila hiyo, kila mgeni atapata kadi nne.

Kabla ya kuunganisha, panga orodha kwa akili kidogo. Kadi 200 kwa 4 ni karatasi 50. Ukiprinti kwa mfuatano wa kawaida, karatasi ya kwanza itakuwa na namba 1, 2, 3, 4, na baada ya kukata utakaa sakafuni ukizipanga hadi usiku. Badala yake, karatasi ya kwanza ibebe 1, 51, 101 na 151, ya pili 2, 52, 102 na 152. Kwenye Excel, kama namba ziko safu ya A kuanzia mstari wa 2, ongeza safu yenye =MOD(A2-1,50), ivute hadi chini, kisha panga orodha kwa safu hiyo kwanza na kwa Namba baadaye. Ukikata rundo zima, unapata mafungu manne, la kwanza 1 hadi 50, la pili 51 hadi 100, na kuendelea, tayari yamepangika.

Malizia kwa "Finish & Merge" na "Edit Individual Documents", upate faili moja ya kurasa 50. Ipitishe kwa mtu mwingine wa familia aisome majina yote. Printi kurasa 2 kwenye karatasi ya fotokopi, zikunje, zitie kwenye bahasha. Ndipo uweke karatasi ya kadi, tano tano, si rundo lote. Nunua 60 kwa kazi ya 50.

Kama kadi ina pande mbili, chora mshale kwa penseli kwenye karatasi ya majaribio, printi upande mmoja, igeuze, printi wa pili, uone mshale umeelekea wapi. Andika matokeo juu ya printa kwa kipande cha karatasi. Upande wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili, maana rola zinapita juu yake.

Kukata na kukunja

Mkasi hauna kazi hapa. Tumia rula ya chuma, kisu chembamba chenye wembe wa kuvunjika, na kipande cha kadibodi chini. Pitisha kisu mara mbili tatu kwa mkono mwepesi. Steshenari nyingi zina mashine ya kukatia na zitakukatia rundo kwa pesa kidogo. Kwa kadi 200 ni akili zaidi kwenda huko.

Kadi ya kukunja usiikunje kwa vidole tu, wino unapasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Chukua kalamu iliyokwisha wino, weka rula katikati, kandamiza mstari mmoja upande wa ndani, halafu kunja kufuata mstari huo. Karatasi ina mkondo wa nyuzi kama mbao: ipinde taratibu pande zote mbili, upande unaopindika kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo ukifuata huko unatoka safi.

Mwisho, printi karatasi 2 zaidi, kadi 8, namba 201 hadi 208, sehemu ya jina ikiwa nukta tupu. Jaribu kwanza kalamu utakayoandikia kwenye kipande kilichobaki, kwani wino wa jeli huchelewa kukauka juu ya karatasi iliyopakwa. Kadi hizo zikabidhi kwa katibu wa kamati, na kila ikitoka moja aandike namba yake na jina kwenye ile orodha ya Excel, kwa sababu walio mlangoni ukumbini watakuwa na nakala ya orodha hiyo hiyo.